Kidole Kwenye Mstari: Kufundisha Ufahamu kwa Idd na Maulidi

Walimu wengi hapa Lamu tunapenda kuwapa watoto ufahamu wa Idd au Maulidi kwa kuwa mada wanaijua. Wanaijua kweli, na shida inaanzia hapo. Mtoto wa Langoni au Mkomani hahitaji kusoma chochote ili akwambie kwamba siku ya Idd watu huvaa nguo mpya. Anajaza majibu, anapata vyema vyote, na kifungu hakukigusa.

Sikukuu nazitumia sana na Gredi ya Tatu, ila swali langu huwa na jibu lililomo kwenye kifungu tu. Baada ya Ramadhani huwaandikia hivi:

"Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30. Miezi 12 hufanya siku 354 hivi, na kalenda ya ukutani ina siku 365. Kwa hiyo kila mwaka Idd huja mapema zaidi. Mwaka 2024 Idd ul-Fitr ilikuwa Aprili 10. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi."

Nauliza: kwa nini Idd haina tarehe moja? Jibu la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, kwa sababu Kadhi Mkuu hutangaza mwezi umeandama." Siwezi kumwekea mkasi, maana hakusema uongo. Namwambia, "Sawa mwanangu, niwekee kidole kwenye mstari unaosema hivyo." Kidole kinashuka, kinapanda, kinamtafuta Kadhi asiyekuwemo, mwisho kinatua kwenye 354. Wengine hudai penseli watoe 354 katika 365. Nawapa.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Darasani nina watoto Wakristo, na maswali ya "tunafanya nini siku ya Idd" huwaacha nje. Jibu likiwa kwenye karatasi, wote wanaanza sawa. Krismasi nayo ikifika, nageuza upande.

Fitri, yaani sadaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani, inafaa kwa mfuatano wa matukio na kwa sababu. Kifungu kinasema kila mtu hutolewa pishi moja ya chakula, kama kilo 2.5, kabla ya sala ya Idd, ili maskini naye asherehekee siku hiyo. Watoto hupanga nguo mpya kwanza, fitri mwisho. Neno "kabla" wamelisoma, hawakulitumia. Nawaambia walizungushie duara.

Maulidi naiachia ukweli na maoni. "Maulidi huwa Mfungo Sita", yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, ni ukweli. "Mbio za punda ni tamu kuliko mashindano ya majahazi" ni maoni, ingawa kila mwaka kuna kijana wa kuapa kwamba huo nao ni ukweli, hasa kama nyumbani kwao kuna punda.

Kifungu kisizidi aya mbili, na kije baada ya sikukuu. Wiki ya Maulidi yenyewe, ngoma zikilia na punda wakikimbizwa ufukweni, karatasi zako utasahihisha mwenyewe zikiwa tupu.