Kurumbiza wawili wa Nairobi: tazama mkia, kisha sikiliza

Wanaoanza kutazama ndege katika msitu wa Karura, hapa Nairobi, huniuliza sana: huyu ni kurumbiza nyusi-nyeupe au ni kurumbiza wa Rüppell? Mara nyingi wanakuwa wameshakazia macho kifua, na kifua hakisaidii. Wote wawili wana kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, na rangi ya chungwa kuanzia kooni hadi tumboni. (Yupo kurumbiza wa tatu mjini, mwenye tumbo la kijivu, lakini huyo hana utata.)

Mwinuko nao hautakuokoa. Rüppell ni ndege wa misitu ya nyanda za juu, kuanzia Ethiopia, alikozuru Eduard Rüppell, Mjerumani ambaye ndege huyu ameitwa kwa jina lake, katika miaka ya 1830, hadi kaskazini mwa Tanzania. Nyusi-nyeupe amesambaa mbali zaidi, hadi Afrika Kusini, na hata kwenye joto la mabondeni yumo. Nairobi, kwenye mita kama 1,700, wanakutana.

Kwa hiyo elekeza darubini kwenye mkia. Pembeni ni rangi ya chungwa kwa wote, lakini manyoya mawili ya katikati ni meusi kwa Rüppell, na ya kahawia yenye uzeituni kwa nyusi-nyeupe. Nyusi-nyeupe ni mkubwa kidogo pia, ila sipendi kipimo hicho: ndege akiwa peke yake kichakani, utamlinganisha na nani?

Tatizo ni kwamba wote hupenda kivuli, wakipekua majani makavu kutafuta wadudu, na alfajiri weusi na kahawia havitofautiani. Hapo sikiliza. Nyusi-nyeupe huanza kwa upole, akirudia kifungu kilekile kwa nguvu zaidi na zaidi mpaka kichaka kizima kinavuma, na mara nyingi mwenzake humpokea. Kwangu hakuna wimbo mzuri kuushinda mjini humu. Rüppell ni mwigaji hodari: huchukua milio ya ndege wengine na kuiunganisha. Ukisikia ndege wanne watano wakipokezana ndani ya kichaka kimoja, tafuta mmoja. Usiiamini haraka programu ya simu inayotambua sauti. Inaweza kukutajia ndege anayeigwa, wala hayupo.

Mkia hukuuona na wimbo hukuusikia? Andika "kurumbiza" tu kwenye daftari. Rekodi hiyo ina thamani kuliko jina la kubahatisha.