Kukata intaneti pekee hakukilindi kiwanda

Kuna ujumbe wa miaka mingi unaozunguka kwenye magrupu: mtambo usiounganishwa na intaneti haudukuliki, hivyo ukuta na walinzi vinatosha.

Si kweli. Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi cha kompyuta kiitwacho Stuxnet, kilicholenga mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Mfumo wa pale haukuunganishwa na intaneti, lakini kirusi hicho kiliweza kusambaa kwa flashi, kama hizi tunazoning'iniza kwenye funguo. Kilivuruga kasi ya mashine huku skrini za waendeshaji zikionyesha kila kitu kiko shwari. Hilo la skrini ndilo linalonitia hofu zaidi.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kukata intaneti kunapunguza hatari kweli, na ni vizuri kufanya hivyo. Lakini fundi wa nje akifika getini, mlinzi hukagua buti ya gari, laptopu inapita. Na aliyeruka ukuta akafika chumba cha mitambo hahitaji intaneti, anachomeka tu.

Ukifanya kazi kiwandani, muulize fundi mhusika: nani huingiza flashi? Kuna modemu yenye laini ya simu iliyoachwa kwa ajili ya matengenezo? Namba ya kwenye skrini inalingana na geji iliyo kwenye bomba lenyewe?

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Huenda kwenye grupu lako yumo mlinzi wa zamu ya usiku atakayeuamini.