Kakakuona hatabiri mvua

Akionekana kijijini, Tanzania, kakakuona mara nyingi huwekwa katikati ya umati na kutandaziwa maji, mahindi na panga. Akigusa maji, mvua itanyesha. Akigusa panga, vita. Wengine humwita bwana mganga, wakiamini mwili wake ni dawa. Kumbe maskini anatafuta tu pa kutorokea! Haoni vizuri, huongozwa na pua, na chakula chake ni mchwa na sisimizi. Mahindi atayafanyia nini, naye hana hata jino moja? Magamba yake nayo si dawa: ni keratini, kama kucha zako. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Ukimkuta shambani amejiviringisha, usimbebe. Zuia mbwa, kisha waite maofisa wa wanyamapori.