"Tatizo la hadiwea" na "tatizo la Windows": maana yake nini hasa?

Kompyuta ikileta skrini ya bluu tu watu wanagawanyika hapohapo, huyu anasema RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imekufa, yule anasema hamna bwana, piga Windows upya (yaani ifute uiweke tena) itatulia. Kabla hujatoa hela yako Kariakoo, elewa kwanza wanachobishania.

Hadiwea ni vile vitu unavyovishika kwa mkono: RAM, hadi diski, madabodi, feni, chaja. Mfumo endeshi (Windows, Linux, macOS) ni ile programu kubwa inayovisimamia na kuvigawia kazi, na hapa ndo wengi wanapotea, maana kifaa kikizingua mara nyingi anayekuja kuandika ujumbe kwenye skrini ni mfumo endeshi. RAM imekosea, Windows ndo imetoa taarifa, na sisi tunamkamata mleta taarifa.

Mimi mashine yangu ilipigwa Windows mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila nikienda kuichukua naambiwa sasa iko fresh, kweli inakaa siku mbili tatu, nikifungua vitu vingi kwa pamoja bluu inarudi na chini imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT. Mara zote nimelipa, na picha za familia zikaenda na maji, hilo linaniuma mpaka leo. Mshkaji wangu akaja na fleshi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, hii inawaka yenyewe bila Windows kabisa, na haikuchukua muda makosa yakaanza kumwagika kwenye skrini. Tukafungua mfuniko wa chini, RAM zilikuwa mbili, tukachomoa moja tukapima iliyobaki, safi. Ile tuliyoichomoa tukaisugua yale meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, tukaibana mpaka ikalia ta, tukapima tena, makosa yaleyale. Imekufa.

Kwahiyo unabadilisha kitu kimoja tu halafu unaangalia ugonjwa unafuata nini. Washa Ubuntu (aina ya Linux) kutoka kwenye fleshi bila kuinstall, mashine ikizingua vilevile basi Windows haihusiki. Ikitulia usishangilie bado, maana hapo umeiweka pembeni Windows pamoja na hadi diski, watuhumiwa bado wawili, ipime diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, na ikisema Caution au Bad hamisha mafaili kwanza, mengine baadaye.

Halafu kuna draiva, hizi zinachanganya hata mafundi wazuri. Draiva ni programu inayoufanya mfumo endeshi uelewane na kifaa, sasa ikiharibika dalili zinakuwa za kifaa, wifi inapotea, sauti inakatika, skrini inacheza, unanunua kifaa kipya bure. Kama shida ilianza baada ya apdeti, rudisha draiva ya zamani kwanza.

Na makosa ya pande zote mbili yapo kweli. Mwaka 1994 prosesa za Pentium za kampuni ya Intel zilikutwa zinakosea baadhi ya hesabu za kugawanya, kosa liko ndani ya chipu, hapo hata upige Windows mara mia haisaidii, Intel ikabidi wawabadilishie watu. Tarehe 19 Julai 2024 ikawa kinyume chake, faili moja bovu la apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, likaangusha mashine za Windows kama milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikakwama, na vifaa vyote vilikuwa vizima.

Ila mashine ikizima pap bila ujumbe wowote, anza na joto au umeme, maana Windows haikupata hata nafasi ya kuandika. Ukikuta Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer (sehemu Windows inapoandika matukio yake) usiogope, inasema tu mashine ilizimika bila utaratibu, sababu haitaji. Kwa joto hili la Dar, feni imejaa vumbi na mashine imewekwa juu ya godoro, itazima tu. Na umeme ukikatika wakati Windows inaandika mafaili yake, chanzo ni umeme lakini kilichoumia ni programu, hapo kupiga Windows upya ni sahihi kabisa, ila kama ni desktop na haina UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), umeme ukikatika vibaya tena mnarudi palepale.