Kaskazi yavuma, mbona maji yanapanda kaskazini?

Mvuvi wa mshipi akitia nanga nje ya miamba ya Msimbati, huku kwetu Mtwara, mwezi Januari huona jambo ambalo sisi wa nchi kavu hatuna habari nalo. Kaskazi inavuma, inatoka pande za Lindi kuja kusini. Mashua ingetakiwa kulala omo kaskazini, tezi kusini. Haitulii. Mara inanyooka, mara inakaa mshazari, na mshipi wenye chubwi la risasi hauendi chini wima. Unalalia kaskazini, kule kule unakotoka upepo.

Ukimuuliza atakwambia maji yanapanda, yaani yanakwenda kaskazini, na ni kweli yanapanda. Upepo unaoyasukuma maji hayo siyo huu unaompiga usoni. Ni upepo mwingine, unaovuma mbali sana naye.

Katikati ya Bahari ya Hindi, kusini ya ikweta, pepo za kusini-mashariki huvuma karibu mwaka mzima. Zinayaburuta maji ya juu, lakini maji hayafuati upepo moja kwa moja, kwa sababu dunia inazunguka. Upande wetu wa ikweta, kila kinachosafiri umbali mrefu hupindishwa kushoto. Maji yanayopindishwa hivyo hurundikana upande mmoja, uso wa bahari unapata mwinamo mdogo ambao jicho haliwezi kuuona, na mwinamo huo pamoja na mzunguko wa dunia ndio unaoendesha mkondo mpana kuelekea magharibi. Wataalamu huuita Mkondo wa Ikweta wa Kusini.

Mkondo huo unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha unaigonga Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma. Hapo unapasuka. Mkono mmoja unateremka Mlango wa Msumbiji, wa pili unapanda kupita mbele ya Mtwara, Lindi na Kilwa hadi Kenya. Kwa maneno mengine, sisi tuko mlangoni kabisa: mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaanzia kwetu. Ndiyo maana miamba ya Mnazi Bay, ghuba iliyo hapo Msimbati, ina thamani kuliko ukubwa wake, kwani mayai na vifaranga vya samaki na matumbawe vikichukuliwa na maji vinapelekwa kaskazini, kwa majirani.

Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, upepo na mkondo huwa kitu kimoja, na kasi inaweza kufika mita 2 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 7 kwa saa. Ngalawa ikibisha kwenda kusini dhidi ya maji hayo inaweza kuhangaika asubuhi nzima na mnazi uliouacha pwani bado unauona. Kaskazi ikiingia, mkondo unapungua nguvu, pengine chini ya nusu mita kwa sekunde, ila kwetu haugeuki. Unachokosa ni njia ya kupita huko mbele: pwani ya Kenya unakutana na mkondo unaoshuka kutoka Somalia, na yote miwili inapinda kwenda mashariki. Manahodha wajue pia kwamba kaskazi kali ikipigana na maji yanayopanda, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama, mabaya kwa chombo kidogo kuliko mawimbi marefu ya kusi.

Na mawimbi yenyewe? Tupa kumbi la nazi majini ulitazame. Wimbi likija, kumbi linapanda, linakwenda mbele, linashuka, linarudi nyuma. Karibu lifike pale lilipokuwa, lakini halifiki. Limesogea kidogo, na mawimbi ya siku nzima ni maelfu. Tena maji yaliyochafuka yanaupa upepo mahali pa kushika, wakati juu ya maji laini hupita kama unateleza. Mawimbi yanayovunjikia mwambani yanamwaga maji upande wa ndani, na maji hayo lazima yatafute mlango wa kutokea. Waogeleaji, mlango huo uogopeni.

Kwenye ikweta yenyewe mambo ni mengine, maana ile nguvu ya kupindisha inakuwa sifuri. Upepo ukisukuma, maji yanakwenda mbele moja kwa moja. Nyakati za malelezi, baina ya kaskazi na kusi, yaani Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, upepo wa magharibi huvuma pale na kuzaa mkondo wa kasi unaokimbilia Sumatra. Mtaalamu wa bahari Klaus Wyrtki aliueleza mwaka 1973. Pamoja nao husafiri mawimbi makubwa yasiyoonekana, ambayo juu yanainua bahari kwa sentimita chache tu lakini chini yanasogeza tabaka la maji baridi kwa makumi ya mita. Yanavuka bahari nzima kwa takriban mwezi mmoja. Mwaka 2019 pepo hizo za ikweta zilikwenda kinyume, maji ya moto yakabaki upande wetu, na mvua za vuli Afrika Mashariki zikazidi kipimo.

Anayedhani mikondo hii ni habari ya vitabuni akumbuke ndege ya abiria ya Malaysia, MH370, iliyopotea Machi 2014. Juni 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwani Pemba. Njia ya maji kufika Pemba kutoka bahari ya kusini inapita mbele ya pwani yetu.

Usichanganye haya na kupwa na kujaa. Ndani ya ghuba ya Mtwara au Mikindani, maji yanayovuta ni ya kupwa na kujaa, yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Ukitaka kuujua mkondo wenyewe, ngoja siku za maji mafu, ambapo kupwa na kujaa ni kidogo, toka nje ya mwamba, utazame kamba ya boya la dema, mtego wa samaki, wakati maji yamesimama, kabla hayajageuka. Maji makubwa ya bamvua hayapo, kujaa kumekwisha, na kamba bado imekazwa kuelekea kaskazini.