Je, wajua ni nini kilichoifufua ngome ya Malbork mara mbili?

Mwaka 1457, mojawapo ya ngome zilizoogopwa sana kaskazini mwa Ulaya ilipata mwenyewe mpya bila lango lake kuvunjwa. Askari wa kukodiwa waliokuwa ndani yake waliiuza. Walikuwa hawajalipwa mishahara, na mwajiri wao alikuwa amewawekea ngome hiyo rehani. Siku ya kulipa ilipofika, fedha hazikuonekana. Basi wakamwendea adui wa mwajiri wao, wakapatana bei.

Ngome yenyewe ni Malbork, huko kaskazini mwa Poland, ukingoni mwa Nogat, tawi la mto Vistula karibu na unapoingia Bahari ya Baltiki. Hutajwa mara nyingi kuwa ngome kubwa kuliko zote duniani kwa ukubwa wa eneo. Mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza, kuta nyekundu zimepanda kutoka majini, mapaa yamechongoka, huamini kwamba imesimama hivyo hivyo kwa miaka 700. Sivyo hata kidogo. Miaka ya 1790 serikali ilipanga kuibomoa ichukue matofali, na mwaka 1945 zaidi ya nusu yake ilikuwa kifusi.

Sasa jengo la namna hii hurudije? Fedha lazima ziwepo, na mafundi pia. Lakini ukiifuatilia historia ya Malbork utaona kwamba kabla ya fedha na kabla ya mafundi, mara zote mbili kilitangulia kitu chepesi mno: karatasi. Palikuwa na mtu aliyeichora, aliyeipima au aliyeipiga picha ingali imesimama.

Tuanze na waliojenga. Hao walikuwa watawa wapiganaji wa Shirika la Teutoni, Wajerumani walioanza kama wahudumu wa wagonjwa huko Akka, mwaka 1190, wakati wa Vita vya Msalaba. Katika karne ya 13 waliitwa na mtawala mmoja wa Poland, Konrad wa Mazovia, wamsaidie kupigana na Waprusi wa asili, watu ambao walikuwa bado hawajawa Wakristo. Walikuja kusaidia, wakabaki kutawala. Ujenzi ulianza miaka ya 1270, na ngome wakaiita Marienburg, yaani ngome ya Maria. Mwaka 1309 mkuu wa shirika alihamishia makao yake hapo kutoka Venice, na kuanzia hapo ile nyumba ya watawa ikawa mji mkuu wa dola. Waliuza nafaka, waliuza kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe, iliyookotwa kwenye fukwe za Baltiki, na biashara hiyo ya kaharabu hawakumruhusu mtu mwingine kuigusa.

Kwa nini walijenga kwa matofali? Kwa sababu mawe hayakuwepo. Ardhi ya huko ni uwanda wa matope ulioletwa na mto. Mawe pekee ya kuokota ni yale ya mviringo yaliyoachwa na barafu ya zama za kale, nayo yalitosha misingi tu. Udongo wa mfinyanzi, huo ulikuwepo tele. Waliojenga Gedi na Fort Jesus walichonga matumbawe kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo chini ya miguu yao, na hawa wa Malbork walichoma udongo kwa sababu hiyo hiyo. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na tanuri la matofali ya kuchoma kijijini anaijua kazi yenyewe: unachimba, unakanyaga, unafyatua kwenye kibao, unaanika, unapanga tanuri, unawasha kuni. Chuma kilichomo ndani ya udongo ndicho kinacholifanya tofali liwe jekundu. Matofali yaliyokaa karibu mno na moto huungua kupita kiasi, yakawa meusi, tena yakang'aa kama yamepakwa kioo. Fundi mwingine angeyatupa. Wajenzi wa huko waliyapanga katikati ya yale mekundu, yakatoa mistari yenye umbo la almasi ukutani. Nambie kama hao hawakuwa wasanii.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilisoma linanishangaza. Bwalo kubwa la ngome, ukumbi ambao dari lake limeshikwa na nguzo tatu nyembamba, lilipashwa joto bila moshi. Chini ya sakafu kulijengwa tanuri, na juu ya tanuri wakarundika mawe magumu. Kuni ziliwaka kwa saa nyingi, na moshi ukipita katikati ya mawe na kutokea kwenye bomba. Mawe yakishaiva kwa joto, moto uliachwa ufe, bomba la moshi likafungwa, na vifuniko vilivyokuwa kwenye sakafu ya ukumbi vikafunuliwa. Hewa safi ilipenya kwenye yale mawe, ikapanda juu ikiwa ya moto. Wageni walikula katikati ya majira ya baridi ya Baltiki, huku nje theluji, na ndani hakuna jicho lililowasha kwa moshi. Hayo ni ya karne ya 14.

Nguvu ya shirika ilivunjika tarehe 15 Julai 1410, kwenye mapigano ya Grunwald, ambako majeshi ya Poland na Lithuania yalimuua mkuu wake, Ulrich von Jungingen, pamoja na wakuu wengi wa chini yake. Lakini Malbork haikuanguka. Kamanda mmoja wa shirika, Heinrich von Plauen, aliwahi kufika na askari wake, akauchoma mji uliokuwa kando ili adui asipate pa kujificha, akafunga malango. Waliozingira walichoka wakaondoka mwezi Septemba. Katika ukumbi mmoja wa makazi ya mkuu, ambao dari lake lote limeegemea nguzo moja tu ya jiwe, kuna tufe la mzinga limekwama ukutani hadi leo. Husimuliwa kwamba mpigaji alilenga nguzo ile, akikusudia kuwaangushia dari viongozi waliokuwa kikaoni, akakosa kidogo tu.

Kilichoshindikana kwa mizinga kiliwezekana kwa deni. Vita vipya vilianza mwaka 1454, navyo vilidumu miaka 13. Shirika liliajiri mamluki, wengi wao kutoka Bohemia (Ucheki ya leo), likashindwa kuwalipa. Kiongozi wao, Ulrich Czerwonka, alikubaliana na mfalme wa Poland, Kazimierz wa Nne, kwa florini 190,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilichangwa na wafanyabiashara wa Gdańsk. Mkuu wa shirika alilazimika kuondoka, na mwezi Juni 1457 mfalme aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Tangu siku hiyo hadi 1772 Malbork ilikuwa mali ya wafalme wa Poland, miaka 315. Shirika lenyewe lilikuwa limeifanya makao makuu kwa miaka 148 tu. Watu wengi husahau hesabu hiyo wanapoiita ngome ya Wajerumani.

Mwaka 1772 majirani waliigawana Poland, na Malbork ikaenda kwa Prussia, ufalme wa Kijerumani. Hapo ndipo mateso ya jengo yalipoanza. Lile bwalo la nguzo tatu likawa mahali pa kufundishia askari. Vyumba vingine vilipewa wafumaji. Halafu ikaamuliwa kwamba ngome ifae kuwa ghala la nafaka, na madari ya matao ya zama za kati yakapigwa nyundo ili sakafu za ghala zipangwe juu kwa juu. Mtaalamu wa majengo wa serikali, David Gilly, aliandaa mpango wa kubomoa sehemu kubwa na kuyatumia matofali kujengea maghala mapya.

Mwaka 1794 David Gilly alikuwa amefuatana na mwanawe Friedrich, kijana wa miaka 22. Baba alikuja kukagua jengo la kubomolewa. Mwana alikaa chini akachora. Alichora matao, ngazi, nguzo, na mwanga unavyoangukia kuta. Michoro ile ilionyeshwa Berlin mwaka uliofuata, na baadaye mchongaji wa picha za kuchapa, Friedrich Frick, akaichapisha pamoja na mingine katika kitabu kikubwa cha picha. Watu waliokuwa hawajawahi kufika Nogat wakaanza kuuliza: hiki ndicho kinachobomolewa? Mwaka 1803 kijana mwingine, mshairi Max von Schenkendorf, alichapisha gazetini malalamiko makali juu ya uharibifu ule. Mwaka 1804 mfalme wa Prussia akaamuru ubomoaji usimame. Friedrich Gilly hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1800, akiwa na miaka 28.

Ukarabati ulianza 1817, kwanza kwa moyo kuliko kwa ujuzi. Kazi ya kitaalamu hasa ilikuja 1882, alipokabidhiwa Conrad Steinbrecht, na hakuiacha mpaka 1922. Miaka 40 katika jengo moja! Steinbrecht aliusoma ukuta kama mtu asomavyo barua. Dari likibomolewa huacha kovu ukutani pale tao lilipoanzia, na kutokana na kovu hilo unaweza kujua tao lilipinda vipi na lilifika wapi. Alichimba, akapima, akachora, ndipo akajenga. Kuna mahali ushahidi ulimwishia, akajaza pengo kwa alichodhani, na wataalamu wa baadaye wamemlaumu kwa hilo. Mimi nadhani lawama hiyo ni ya haki, lakini vipimo vyake vilikuja kuwafaa watu ambao hakuwahi kuwafikiria.

Watu hao walikuwa Wapolandi. Majira ya baridi ya 1945 jeshi la Ujerumani lilijificha ndani ya ngome kana kwamba bado ni karne ya 15, na mizinga ya Kisovieti ikaipiga kuanzia Januari hadi Machi. Makombora yalitoka mashariki. Ndiyo maana upande wa mashariki ndio ulioumia vibaya zaidi: mnara mkuu ukaanguka, ukuta wa kanisa la Bikira Maria ukapasuka na kumwagika. Mwisho wake Wajerumani wakakimbilia ng'ambo ya Nogat.

Vita vilipokwisha, mji na ngome vilirudi Poland. Jiweke katika nafasi ya Mpolandi wa 1945. Nchi yako imechomwa. Mbele yako kuna kifusi cha ngome ambayo watawala wa Ujerumani, kuanzia mfalme Wilhelm wa Pili hadi Wanazi, waliigeuza jukwaa la kujisifia dhidi ya taifa lako. Wapo waliosema iachwe ilivyo, au iondolewe kabisa. Kwamba wenzao walichagua kuijenga upya, tofali kwa tofali, ni jambo ninaloliheshimu kuliko yote katika habari hii. Mwaka 1959 moto uliteketeza sehemu ya mapaa, kazi ikaendelea. Makumbusho ya ngome yalianzishwa 1961, na mwaka 1997 UNESCO ikaitia Malbork katika orodha ya urithi wa dunia.

Kanisa ndilo lililosubiri kuliko vyote. Kabla ya vita, katika ukuta wake wa nje upande wa mashariki, palikuwa na sanamu ya Maria akiwa amembeba mtoto, ya karne ya 14, yenye urefu wa karibu mita 8, iliyofunikwa mwili mzima kwa mozaiki: vipande vidogo vya kioo vya dhahabu na vya rangi, vilivyomeremeta jua lilipochomoza. Ilipasuka pamoja na ukuta. Kwa miaka 70 mahali pake palibaki wazi, na mabishano yakawa marefu. Je, sanamu mpya si uongo? Au pengo lile lenyewe ndilo kumbukumbu ya kweli ya vita?

Kilichowezesha kazi hatimaye ni picha zilizopigwa kabla ya 1945. Kwa kuzitazama, mafundi waliweza kurudisha umbo, mikunjo ya vazi, na mpangilio wa rangi. Kanisa na sanamu vilikarabatiwa kati ya 2014 na 2016, na Maria akaonekana tena ukutani mwaka 2016. Ndani ya kanisa dari limejengwa upya, lakini mafundi hawakufuta kila jeraha: sanamu zilizovunjwa vichwa zimeachwa hivyo hivyo. Ule mlango wa kanisa uitwao Lango la Dhahabu, wenye sanamu za udongo za wanawali wenye busara na wale wapumbavu, ulinusurika, na unaweza kuusogelea ukauona kama watawa wa karne ya 13 walivyouona.

Ukifika, zunguka kwanza hadi upande wa mashariki, utazame ukuta wa kanisa kutoka chini. Pale juu rangi ya matofali inabadilika: ya zamani yamekolea na kuchakaa pembeni, mapya yana wekundu mwepesi na kingo zilizonyooka. Ufuate mpaka ule kwa macho. Hapo ndipo ukuta ulipokatika mwaka 1945.