Je, wajua kwa nini trekta dogo hugoma ilhali injini yake ni nzima?

Masika yakikaribia, matrekta madogo ya nguvu za farasi 20 hadi 25 huanza kuonekana yamesimama kando ya mashamba, boneti juu, dereva amechutama, na betri ya gari la jirani imeungwa kwa waya. Wapita njia husema injini imekufa. Mara nyingi si kweli. Injini ya dizeli ya silinda tatu ikibadilishwa oili kwa wakati hufanya kazi maelfu ya saa, na kwa kawaida ndiyo ya mwisho kufa. Kinacholisimamisha trekta ni vitu vilivyoizunguka injini hiyo: waya, maji, makapi, bolti. Na zaidi ya vyote, kazi isiyolingana na kimo chake.

Tuanze na kimo, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Trekta la aina hii lina uzito wa kilo 600 hadi 750 bila zana. Bamba litasema farasi 24, lakini hizo ni nguvu za injini. Kwenye trekta linaloendeshwa kwa pedali, yaani lenye mwendo wa haidrostatiki, sehemu ya nguvu huishia kuwa joto ndani ya oili, na zinazofika kwenye shafti ya nyuma inayozungusha zana ni kama farasi 18. Tena trekta huvuta kwa uzito kuliko kwa farasi. Juu ya ardhi kavu na ngumu, magurudumu yote manne yakisukuma, linaweza kuvuta mzigo unaokaribia nusu ya uzito wake. Likiingia kwenye kinamo, yaani udongo mzito unaonata, kilicholowa, tope likishajaa kwenye meno ya tairi, uwezo huo hushuka vibaya na magurudumu hubaki kuzunguka mahali pamoja.

Sasa chukua plau la sahani tatu, lile linalofungwa kwenye matrekta ya farasi 60 na 70 yanayolima mabonde ya mpunga. Plau lenyewe lina uzito wa zaidi ya kilo 300. Mikono ya nyuma ya trekta dogo huinua kama kilo 300 tu, zikipimwa sentimita 60 nyuma ya ncha za mikono. Ukilifunga, ama plau halitanyanyuka, ama yatanyanyuka magurudumu ya mbele. Zana ya trekta hili ni rotaveta ya upana wa mita 1 hadi 1.2, kwa sababu visu vyake hukata udongo vikilisukuma trekta mbele, kwa hiyo halihitaji kung'ang'ana na ardhi.

Na muda je? Rotaveta ya mita 1.2 kwa mwendo wa kilomita 1.5 kwa saa hupita mita za mraba 1,800 kwa saa. Toa muda wa kugeuka, sehemu zinazopitwa mara mbili na mizizi ya kuondoa, hubaki kama 1,400. Eka moja ni mita za mraba 4,047, basi hesabu saa tatu kwa eka. Eka tatu, kile kipimo walichogawiwa wakulima wa Visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, ni saa tisa za kuchimba, kisha kuburuga, yaani kulainisha mabonge, kuna muda wake. Dizeli itakwenda lita 3 hadi 4 kwa saa. Anayekuahidi eka kumi kwa siku kwa trekta hili hajapata kulipanda.

Ardhi nayo ina lake. Kwenye kichanga na kinongo, ule udongo tifutifu, litakufurahisha. Kwenye kinamo linataka subira: teka udongo wa kina cha kisu, usokote kwenye kiganja. Ukitoka uzi mrefu usiokatika, ahirisha, ukimeguka, ingia. Lakini uwandani na maweni, kama sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Unguja, au Micheweni kule Pemba, ambako mwamba wa matumbawe uko chini kidogo tu ya majani, rotaveta si zana ya huko. Kisu kikipiga jiwe, pigo hilo halina pa kwenda ila kurudi kwenye shafti.

Ndiyo sababu kuna bolti ya kukatika. Iko pale shafti inapoungana na rotaveta, na imetengenezwa laini makusudi ili ife yenyewe, giaboksi ipone. Ikikatika mara mbili kwa siku, dereva huona kero na kutia bolti ngumu iliyo karibu. Siku hiyo hapati tabu. Baada ya wiki, gia ya kona ndani ya rotaveta huvunjika meno, au shafti ya trekta hupindika, na gharama haifanani hata kidogo na ya bolti. Soma namba kichwani mwa bolti: 4.6 ni laini, 8.8 ni ngumu, 10.9 ngumu zaidi. Kitabu cha rotaveta husema inatakiwa ipi. Nunua kumi kwa mpigo, zifunge kwenye kitambaa, ziwe chini ya kiti.

Kosa jingine lililozoeleka ni la mguu. Trekta la pedali likilemewa, dereva hukanyaga zaidi kama aliyemo ndani ya gari. Hapa mambo ni kinyume. Pedali ikikanyagwa sana hutoa kasi na kupunguza nguvu. Ikiachiliwa nusu, pampu husukuma oili kidogo kwa shinikizo kubwa na magurudumu hupata nguvu. Kwa hiyo likikwama, weka gia ya chini, yenye alama ya kobe, kisha punguza mguu. Ukisikia mlio mkali mfano wa filimbi chini ya kiti, oili inatorokea kwenye vali ya usalama na inachemka. Ondoa mguu hapo hapo.

Tuje kwenye umeme, ambako ndiko trekta hili linakogomea zaidi katika visiwa vyetu. Upepo wa kusi hubeba chumvi hadi mashamba yaliyo mbali na bahari, na chumvi pamoja na unyevunyevu hula vichwa vya waya. Trekta hizi zina swichi ndogo za usalama: moja chini ya kiti, moja kwenye pedali, moja kwenye wenzo wa kuunganisha shafti ya nyuma. Moja ikiota kutu, ufunguo unazungushwa na kimya kinabaki. Kabla hujamwita fundi, hakikisha wenzo wa shafti uko mahali pa kuzima, kanyaga pedali ya breki au klachi mpaka mwisho, ukae kitini kwa uzito wako wote. Likikataa, shika mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 na ya nusu 12.2. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, ikivuta, volti zisishuke chini ya 9.6. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako azungushe ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ubaya ni waya wa ethi, ule unaounga hasi ya betri na chuma cha trekta: fungua nati yake, sugua chuma mpaka king'ae, kaza, paka grisi juu. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na mara nyingi huwa ndiyo dawa.

Stata ikizunguka lakini injini haishiki, sikiliza "tik" moja karibu na pampu ya dizeli ufunguo unapowashwa. Hiyo ni solenoidi ya kufungulia mafuta. Usipoisikia, tazama fyuzi na plagi yake kwanza. Na fundi akipendekeza swichi ya kiti iungwe moja kwa moja ili isisumbue, mkatalie. Swichi hiyo ndiyo inayozima injini dereva akiteleza wakati visu vya rotaveta vinazunguka nyuma yake. Swichi mpya si kitu ukilinganisha na mguu wa mtu.

Dizeli huharibikia njiani, kwenye dumu, na ndani ya tangi lenyewe. Tangi likilala nusu, hewa yenye unyevu hupoa usiku na kuacha matone ya maji. Lijaze jioni, si asubuhi. Kikombe cha filta katika matrekta mengi kina pete nyekundu ndani. Pete ikielea, kuna maji chini yake. Funga koki, fungua kikombe, mwaga, futa, rudisha. Baada ya hapo lazima hewa itolewe: fungua koki, legeza skrubu iliyo juu ya filta mpaka dizeli itoke bila mapovu, ikaze, kisha fanya hivyo hivyo kwenye pampu. Lenye pampu ya umeme huachwa ufunguo uwashwe kama nusu dakika lijitoe hewa lenyewe. Usishikilie stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja.

Joto. Makapi na nyasi kavu huvutwa na feni na kuziba wavu ulio mbele ya rejeta. Katika kazi ya nyasi utazame kila saa mbili. Puliza kwa upepo kutoka upande wa injini kwenda nje, maana maji ya kasi hulaza mapezi ya rejeta. Na tafadhali usitie maji ya kisima. Maji yetu hupita kwenye mwamba wa chokaa, na karibu na pwani huwa na chumvi. Yakichemka huacha ukoko mweupe ndani ya mirija, na mwaka wa pili trekta huchemka bila sababu inayoonekana. Tia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa.

Bondeni kuna hatari ya namna yake. Tumbo la trekta dogo liko kiasi cha sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, kwa hiyo tope la nusu ya goti tayari linaligusa. Maji yakipanda kupita kitovu cha gurudumu, hupenya kwenye oili sili za ekseli ya mbele na kwenye kipumulio cha giaboksi. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi kesho yake: oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeshaingia maji na haifai hata saa moja ya kazi. Imwage yote, kiasi cha lita 11 au 12, badilisha filta, na utie oili ya haidroliki ya matrekta, si ya injini. Mwenye mpunga wa majini atafika mbali zaidi kwa pawatila, yaani trekta la mkono la magurudumu mawili, au kwa trekta la Kijapani lililoundwa kwa ajili ya mabonde, lenye miguu mirefu na tairi za meno marefu.

Matrekta hayo ya Kijapani yaliyotumika ni mazuri, ila yanataka macho. Rangi mpya haisemi lolote. Mpira wa pedali ulioisha na usukani uliolainika ndivyo vinavyosema. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ngoja ipoe, uione ikiwaka baridi. Shafti ya nyuma ina kasi tatu au nne, na maandishi ya Kijapani hayakuelezi ipi ni ipi: ya kwanza huwa karibu na mizunguko 540 kwa dakika, ambayo ndiyo ya zana nyingi za kawaida. Zana hiyo ikizungushwa kwa kasi ya tatu itavunjika. Nakili namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma, maana spea huulizwa kwa namba hiyo, na usipoipata hapa itakubidi uagize Dar es Salaam na kusubiri boti.

Juu ya lami, zima mwendo wa magurudumu manne, yasukume ya nyuma peke yake. Ya mbele yameundwa yakimbie kwa kasi iliyozidi kidogo ya yale ya nyuma. Kwenye udongo huteleza na hakuna dhara, kwenye lami hayana pa kuteleza na gia za ekseli ndizo zinazobeba ugomvi huo. Kwa sababu hiyo hiyo, usibadilishe tairi za mbele kwa saizi nyingine kwa kuwa tu zimepatikana. Kama lina ndoo ya mbele, ndoo moja ya mchanga mbichi iliyojaa juu hufika kilo 270, karibu na mwisho wa uwezo wake. Funga uzito nyuma kwanza, na uende ndoo ikiwa chini.

Trekta jipya lina hesabu moja isiyofaa kupuuzwa: saa 50 za mwanzo. Gia mpya hutoa vumbi la chuma, na lazima oili ya injini na filta ya haidroliki zibadilishwe hapo. Nati za magurudumu zikazwe tena siku ya kwanza na ya pili.

Msimu ukiisha, rotaveta yenye klachi ya kuteleza badala ya bolti huegeshwa miezi mingi, na sahani zake hushikana kwa kutu. Klachi iliyoshikana haitelezi tena jiwe likigongwa. Kabla ya vuli, legeza nati za springi zake zote sawasawa ukihesabu mizunguko, tuseme miwili. Shusha visu vizame kwenye udongo mgumu, unganisha shafti injini ikiwa mwendo wa chini kwa sekunde mbili tatu mpaka uone sahani zinateleza na moshi mwembamba wa kutu unatoka. Zima injini, toa ufunguo, kisha kaza nati zile zile mizunguko miwili.